Watawala walijitoa ECOWAS, gharama anabeba mchuuzi

Na Mwandishi Wetu

*Mali, Burkina Faso na Niger ziliaga rasmi Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi (ECOWAS) Januari 29, 2025. Kilichofuata kinaonekana barabarani, sokoni na kwenye kalenda za uchaguzi zilizofutwa.*

DARAJA lipo, zima, na lami inalifikia pande zote mbili. Ukitoka bandari ya Cotonou, Benin, unaendesha zaidi ya kilomita 700 kwenda kaskazini hadi mji wa Malanville, unavuka Mto Niger, unaingia Gaya, na kutoka hapo zimebaki takriban kilomita 300 kufika Niamey, mji mkuu wa Niger. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mchele, saruji, dawa na vipuri vya nchi ya Niger, ambayo haina bahari.

Mwishoni mwa Julai 2023 malori yalizuiwa. Foleni ikajipanga kilomita kwa kilomita upande wa Benin, madereva wakalala chini ya matrela yao kwa wiki, kisha kwa miezi. Biashara iliyokuwa ikipita juu ya daraja ikashuka mtoni.

Huko chini mzigo unashushwa kutoka kwenye lori, unabebwa begani hadi ukingoni, unapangwa ndani ya mtumbwi katikati ya abiria, unavushwa, unashushwa, kisha unapakiwa kwenye lori jingine upande wa Gaya. Gunia la mchele linapitia mikono ya wapagazi wa pande mbili, mwenye mtumbwi, na maofisa wa pande mbili. Kila anayeligusa analipwa, na malipo yote hayo yanahesabiwa kwenye bei ya kilo moja sokoni Niamey.

Mpaka huo ulifungwa kwa amri mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilitolewa na ECOWAS, ikiwaadhibu wanajeshi walioipindua serikali ya Niger. ECOWAS ilipoondoa vikwazo vyake Februari 24, 2024, Benin ilifungua upande wake. Niger ikagoma kufungua wa kwake, ikidai Benin inahifadhi wanajeshi wa Ufaransa wanaopanga kuihujumu. Benin ilikanusha. Mchuuzi wa Gaya, ambaye hakupindua serikali wala hakuhifadhi jeshi la mtu, alibaki mtoni.

Tamko la Jumapili

Jumapili, Januari 28, 2024, televisheni za taifa za nchi tatu zilisoma tamko moja. Serikali za Kanali Assimi Goïta wa Mali, Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso na Jenerali Abdourahamane Tiani wa Niger zilitangaza kuwa zinajitoa ECOWAS papo hapo. Zilisema jumuiya imeacha misingi ya waasisi wake, imekuwa chini ya mataifa ya nje, haikuzisaidia kupambana na magaidi, na imeziwekea vikwazo visivyo halali wala vya kibinadamu.

Mkataba haukuruhusu papo hapo. Kifungu cha 91 kinadai notisi ya mwaka mmoja kwa maandishi, na ndiyo maana siku ya kuagana ikawa Januari 29, 2025. Katika mwaka huo mzima hakukuwa na kura ya maoni, wala bunge lililochaguliwa na wananchi lililokaa kujadili kama ni busara kuondoka. Watatu hao waliingia madarakani kwa mtutu: Mali ilipinduliwa mara mbili, Agosti 2020 na Mei 2021, Burkina Faso mara mbili ndani ya mwaka 2022, Niger Julai 26, 2023.

ECOWAS iliundwa Lagos Mei 28, 1975, juhudi zake zikiongozwa na Jenerali Yakubu Gowon wa Nigeria na Gnassingbé Eyadéma wa Togo. Tangu 1979 raia wa nchi wanachama aliruhusiwa kuingia nchi jirani bila viza na kukaa siku 90. Kabla ya tamko, jumuiya ilikuwa na wanachama 15. Watatu walioondoka wana watu zaidi ya milioni 70 na ardhi inayozidi nusu ya eneo lote la jumuiya. Na wote watatu hawana bahari.

Kuna aliyewatangulia. Mauritania ilijitoa mwaka 2000 na kuelekea kwa jirani zake Waarabu wa kaskazini. Lakini Mauritania ina pwani yake ya Atlantiki, na hata hivyo mwaka 2017 ilirudi kusaini makubaliano ya ushirika na ECOWAS.

> Mali, Burkina Faso na Niger zimeondoka na zaidi ya nusu ya ardhi ya jumuiya. Bahari imebaki kwa jirani.

Vikwazo vilivyomkosa mlengwa

Haiwezekani kuieleza hatua ya nchi hizi bila kuitaja sehemu ya ECOWAS katika lawama, na sehemu hiyo si ndogo.

Januari 2022, baada ya wanajeshi wa Mali kutaka kubaki madarakani miaka zaidi, jumuiya ilifunga mipaka na Mali na kuzuia fedha zake katika Benki Kuu ya nchi za Afrika Magharibi zinazotumia faranga ya CFA, iliyopo Dakar. Mali ikashindwa kulipa baadhi ya madeni yake. Vikwazo viliondolewa Julai mwaka huo, wanajeshi wakiwa bado ikulu na wakiwa wamepata umaarufu ambao hawakuwa nao.

Mwaka uliofuata Niger ilipata adhabu kali zaidi. Mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Abuja Julai 30, 2023 ulifunga mipaka, ukasimamisha miamala ya fedha, ukashikilia mali za serikali, na ukawapa wanajeshi wiki moja kumrudisha Rais Mohamed Bazoum, la sivyo nguvu ya kijeshi ingetumika. Nigeria ilikata umeme. Wakati huo Niger ilikuwa ikipata karibu asilimia 70 ya umeme wake kutoka Nigeria, kwa hiyo hospitali, mashine za kusaga na majokofu ya wauza samaki viliingia gizani pamoja na ikulu. Oktoba mwaka huo serikali ya Niamey ilikata bajeti yake kwa asilimia 40.

Wiki moja ikapita, jeshi halikuja. Baraza la Seneti la Nigeria lenyewe lilipinga vita. Majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yana ndugu, wakwe na wadeni upande wa pili wa mpaka, Wahausa kwa Wahausa, na hakuna aliyetaka kuona mizinga ikielekezwa Maradi au Birni N'Konni.

ECOWAS ilikuwa na haki ya kukataa mapinduzi. Itifaki yake ya demokrasia ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba madaraka hayapatikani kwa njia isiyo ya kikatiba. Lakini haki hiyo ilikuwa na doa. Mwaka 2020 Alpha Condé wa Guinea na Alassane Ouattara wa Ivory Coast waligombea muhula wa tatu baada ya katiba kubadilishwa, na jumuiya haikufunga mpaka wa mtu. Vijana wa Bamako na Ouagadougou waliyaona yote mawili. Chama cha marais kinacholinda marais, ndivyo walivyoiita jumuiya, na tuhuma hiyo haikupata jibu la kuridhisha kutoka makao makuu ya jumuiya, Abuja.

Februari 2024 Jenerali Gowon, miongoni mwa waasisi wa jumuiya, aliwaandikia wakuu wa nchi akiwasihi waondoe vikwazo. Waliviondoa siku chache baadaye, wakitaja sababu za kibinadamu. Barua ya kujitoa ilikwisha kutumwa.

Kitunguu cha Galmi

Niger ina zao moja ambalo mama lishe wa Accra na Abidjan analijua vizuri kuliko mwanasiasa yeyote wa Niamey: kitunguu cha zambarau cha Galmi, kinachoitwa hivyo kwa jina la kijiji kilichopo mkoa wa Tahoua. Kinastahimili safari, kina ukali wake, na kinasafirishwa kwa malori hadi Benin, Togo, Ghana na Ivory Coast.

Kitunguu hakisubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Mipaka ilipofungwa 2023, malori yaliyokuwa njiani yalikwama na mzigo ukaanza kuota na kuoza ndani ya magunia. Wafanyabiashara wa soko la vitunguu la Adjen Kotoku, nje kidogo ya Accra, walilalamika kuwa mzigo haufiki na bei zimepanda. Mkulima wa Galmi alikula hasara ya zao, mnunuzi wa Accra akala hasara ya bei, na katikati yao dereva alikula hasara ya muda.

Sasa vikwazo vimeondoka. Swali la wafanyabiashara ni kitunguu hicho kitavuka mpaka kama nini: kama bidhaa ya mwanachama au kama bidhaa ya mgeni?

Jibu linategemea lori linaelekea wapi, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuliko hotuba za majukwaani. Nchi hizo tatu zimejitoa ECOWAS lakini hazijajitoa Umoja wa Kiuchumi na Kifedha wa Afrika Magharibi, UEMOA, wenye nchi nane zinazotumia faranga ya CFA. Ndani ya UEMOA wamo pia Benin, Togo, Ivory Coast, Senegal na Guinea-Bissau. Kwa hiyo kitunguu kinachokwenda Lomé au Abidjan bado kina ulinzi wa kisheria: bidhaa ya asili ya mwanachama haitozwi ushuru wa forodha.

Kinachokwenda Ghana au Nigeria hakina ulinzi huo. Nchi hizo mbili hazimo UEMOA, na zilikuwa zikipokea bidhaa za Niger, Burkina Faso na Mali kwa mpango wa biashara huria wa ECOWAS na cheti chake cha asili ya bidhaa. Nigeria ndilo soko kubwa kuliko yote katika eneo hilo. Ng'ombe wa Niger wanaliwa Lagos na Kano.

ECOWAS, kwa busara, haikufunga mlango siku ya kuagana. Januari 29, 2025 iliziagiza nchi wanachama ziendelee kutambua pasi na vitambulisho vyenye nembo yake vinavyoshikwa na raia wa nchi hizo tatu, na ziendelee kupokea bidhaa zao kwa masharti yaleyale, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Nchi tatu nazo zilikuwa zimetangaza Desemba 2024 kuwa raia wa ECOWAS wataingia kwao bila viza.

Ni habari njema, lakini mfanyabiashara anayetaka kukopa benki ili anunue malori mawili hawezi kuweka dhamana ya maneno "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Jana alikuwa na haki aliyoweza kuidai mahakamani. Leo ana hisani.

> Jana mfanyabiashara alikuwa na haki aliyoweza kuidai mahakamani. Leo ana hisani.

Asilimia 0.5

Miezi miwili baada ya kuondoka, Machi 28, 2025, Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zote zinazoingia kutoka nje ya nchi hizo tatu, isipokuwa misaada ya kibinadamu. Fedha hizo ni za kuendesha umoja wao mpya, Muungano wa Nchi za Sahel, AES, ulioanza kwa mkataba wa ulinzi wa Liptako-Gourma Septemba 16, 2023 na kupandishwa kuwa shirikisho katika mkutano wa Niamey Julai 6, 2024.

Kiwango hicho ni kilekile ambacho ECOWAS hutoza kwa bidhaa kutoka nje ya jumuiya. Tofauti ni nani anayehesabiwa kuwa wa nje. Zamani tozo iliangukia shehena ya Ulaya na Asia. Sasa inaangukia pia saruji ya Togo, mafuta ya mawese ya Ivory Coast na samaki mkavu wa Senegal, nchi ambazo zote zimo UEMOA pamoja na watozaji wenyewe. Wakala wa forodha aliyepo Cinkassé, mpakani mwa Togo na Burkina Faso, ana vitabu viwili mezani vinavyosema mambo mawili tofauti.

Nusu asilimia haiui biashara. Ila ni hatua ya kwanza ya kujenga ukuta wa forodha mahali ambapo kwa nusu karne kazi ilikuwa kuubomoa.

Bomba na bandari

Ugomvi wa Niger na Benin ulifika hadi kwenye mafuta ghafi. Bomba la karibu kilomita 2,000, lililojengwa na kampuni ya mafuta ya China, CNPC, linatoka visima vya Agadem mashariki mwa Niger hadi pwani ya Sèmè, Benin. Lilikuwa tegemeo la Niger la kujaza hazina iliyokaushwa na vikwazo.

Mei 2024 Rais Patrice Talon wa Benin alizuia meli kupakia mafuta hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: huwezi kufunga mpaka kwa bidhaa zangu kisha utumie bandari yangu kwa mafuta yako. China ikaingilia kati, shehena ya kwanza ikaondoka. Juni Benin iliwakamata raia wa Niger kwenye kituo cha Sèmè, Niger ikafunga bomba. Mtiririko ulirudi baadaye, lakini kila upande ulikwisha kumwonyesha mwenzake koo lake lilipo.

Niger sasa inategemea zaidi bandari ya Lomé, Togo. Malori yanapanda Togo hadi Burkina Faso, yanapita Ouagadougou, kisha yanasubiri msafara wa jeshi uyasindikize hadi Niger, kwa sababu barabara hiyo inapita katikati ya maeneo yanayovamiwa na makundi yenye silaha. Kusubiri msafara ni gharama. Bima ya safari hiyo ni gharama. Madereva waliouawa njiani hawana bei.

Bandari ya Cotonou nayo imepoteza mteja aliyekuwa wake kwa vizazi. Wapakiaji, mama lishe wa getini, mafundi matairi wa Malanville: nao wanahesabiwa miongoni mwa walioumia, ingawa nchi yao haikujitoa popote.

Bamako yakosa petroli

Septemba 2025 kundi la JNIM, lenye uhusiano na al-Qaeda, lilitangaza kuzuia mafuta yasiingie Mali. Wapiganaji wake walianza kuchoma malori ya mafuta yanayotoka Senegal na Ivory Coast. Oktoba foleni kwenye vituo vya mafuta vya Bamako zilizunguka mitaa, pikipiki kwa mamia zikisukumwa kwa mkono. Mwisho wa mwezi huo serikali ilifunga shule na vyuo nchi nzima kwa wiki mbili kwa sababu walimu na wanafunzi hawakuweza kufika madarasani.

Itakuwa si haki kusema kujitoa ECOWAS ndiko kulikoleta mzingiro huo. Makundi haya yalikuwepo tangu 2012, na jumuiya haikuwahi kuyashinda. Lakini mzingiro ulionyesha bila kificho kwamba Bamako inaishi hasa kwa barabara mbili, ya Dakar na ya Abidjan, na kwamba zote zinaanzia kwenye nchi za ECOWAS. Barabara ya namna hiyo hailindwi na upande mmoja. Inahitaji doria za pande mbili, taarifa za pamoja na makamanda wanaopigiana simu usiku.

Hicho ndicho kilichodhoofika. Aprili 17, 2025 Benin ilipoteza wanajeshi 54 katika mashambulizi ya JNIM kaskazini mwa nchi, karibu na mipaka ya Burkina Faso na Niger. Serikali ya Benin ililalamika hadharani kwamba upande wa pili wa mpaka hakuna ushirikiano. Nchi za Sahel zilitangaza kikosi cha pamoja cha wanajeshi 5,000, na hiyo ni hatua ya maana. Ila wapiganaji wanasogea kusini kuelekea pwani, ambako kikosi hicho hakina mamlaka.

Waliofurahi, na kilichofutwa

Ni kosa kudhani wananchi wote wa Sahel walilia siku ile. Siku moja kabla ya kuagana rasmi, maelfu waliandamana Niamey, Ouagadougou na Bamako kushangilia. Kwao ECOWAS ni ile iliyowakatia umeme na kuwatishia vita. Wanaikumbuka pamoja na majeshi ya Ufaransa, yaliyoondoka Mali Agosti 2022, Burkina Faso Februari 2023 na Niger Desemba 2023. Pasi mpya za AES zilipoanza kutumika Januari 29, 2025, wapo walioziona kama cheti cha heshima iliyocheleweshwa tangu uhuru. Hisia hiyo ni ya kweli, na yeyote anayeidharau hataielewa Sahel.

Lakini heshima ya taifa na uhuru wa mwananchi ni vitu viwili, na kilichofanyika tangu tamko la kujitoa kinapaswa kusomwa mstari kwa mstari.

Mali iliahidi uchaguzi wa rais Februari 2024. Haukufanyika. Mei 2025 vyama vya siasa vilivunjwa, na Julai Goïta akapewa miaka mitano inayoweza kuongezwa bila kupigiwa kura. Burkina Faso ilipaswa kupiga kura Julai 2024. Mei mwaka huo utawala wa kijeshi uliongezewa miaka mitano. Niger ilimwapisha Tiani Machi 2025 kwa miaka mitano, na vyama vikavunjwa. Rais Bazoum, ambaye Mahakama ya ECOWAS iliamuru aachiwe Desemba 15, 2023, hakuachiwa.

Mahakama hiyo ilikuwa moja ya vitu adimu barani: mwananchi wa kawaida aliweza kuishitaki serikali yake Abuja bila kwanza kumaliza mahakama zote za nyumbani. Waliofungwa kwa maandishi yao, waliochukuliwa usiku na watu wasiojulikana, familia zao zilikuwa na mlango mmoja wa kugonga nje ya nchi. Kwa yanayotokea sasa, mlango huo hauko tena.

> Mkataba ulipovunjwa, kilichoondoka pamoja na vikwazo ni shinikizo pekee la jirani la kutaka uchaguzi.

Nitasema wazi ninavyoliona jambo hili. Sababu walizotoa watawala hao watatu zina ukweli mwingi. Sababu wasiyoitoa, kwamba nje ya ECOWAS hakuna anayewauliza lini watapiga kura, ina uzito kuliko zote.

Mfugaji na cheti chake

Yapo mafungamano mengine na majirani ambayo hayafiki kwenye vichwa vya habari. Shirika la Afya la Afrika Magharibi, chombo cha ECOWAS, wakati wa kuagana makao yake makuu yalikuwa Bobo-Dioulasso, ndani ya Burkina Faso. Mamilioni ya Waburkinabe wanaishi na kufanya kazi Ivory Coast, wengi kwenye mashamba ya kakao. Reli ambayo Nigeria inaijenga kutoka Kano inaelekezwa Maradi, ndani ya Niger.

Na yupo mfugaji wa Kifulani. Tangu 1998 ECOWAS ina utaratibu wa cheti cha kimataifa cha uhamaji wa mifugo: kinaonyesha idadi ya wanyama, chanjo walizopata, njia watakayopita na mpaka watakaovukia. Wakati wa kiangazi anashuka nao kutoka Sahel kwenda kwenye malisho ya Benin, Togo au Nigeria, na mvua zikirudi anapanda. Karatasi hiyo ilimtofautisha na mwizi wa mifugo na, siku hizi, na mtuhumiwa wa ugaidi. Asipokuwa nayo, au ikikataliwa na askari wa mpakani kwa kuwa nchi yake si mwanachama, atatumia njia za panya. Huko porini ndiko anakokutana na wenye bunduki.

Afrika Mashariki inalijua hili

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maumivu ya jumuiya kuvunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokufa 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Ndege, reli na bandari zilizokuwa za wote ziligawanywa kwa mazungumzo yaliyosimamiwa na msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi, na makubaliano yakasainiwa Arusha mwaka 1984, miaka saba baadaye.

Tanzania pia ilijitoa soko la pamoja la COMESA mwaka 2000, na haikuanguka. Ilikuwa na bandari zake, ilibaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na mwaka huohuo Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, ulianza kutumika. Haikuondoka kwa ugomvi na jirani, wala haikuhitaji barabara ya mwingine kufika baharini.

Hali ya sasa kwetu haitoi nafasi ya kubweteka. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Juni 2025 Rwanda ilitangaza kujitoa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, kufuatia mvutano wake na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo ndani ya EAC, na kati yao Rwanda na Burundi hazina bahari. Julai 2025 agizo la Tanzania la kuwazuia wageni kufanya baadhi ya biashara ndogo lilizua manung'uniko Kenya, na zilisikika sauti za kutaka kulipiza. Maneno ya "na wao waondoke tuone" yanatamkwa kwa wepesi kwenye mitandao na hata bungeni.

Kifungu cha 145 cha Mkataba wa EAC kinasema nchi haiwezi kujitoa bila azimio la bunge lililoungwa mkono na si chini ya theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, na notisi ya maandishi ya miezi 12. Sharti hilo la bunge ni kinga ambayo mchuuzi wa Gaya hakuwa nayo. Wabunge wetu, wa mabunge ya nchi na wale wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, wasikubali kifungu hicho kilegezwe kwa sababu yoyote. Na wakati wanakilinda, wakiongezee sharti ambalo Afrika Magharibi imelilipia gharama: adhabu ya jumuiya kwa serikali yoyote isifunge mpaka kwa chakula, dawa wala umeme.